OK: hadithi zinazosimuliwa na kilichotokea kweli

Hata sisi mitaani tunasema "oke" siku nzima. Asili ya neno hili la Kiingereza inajulikana vizuri, lakini hadithi za uongo ndizo zinazosambazwa zaidi.

Dhana: Ni sifuri na K (ya "killed", waliouawa) za vitani, "hakuna aliyeuawa".
Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza 1861. OK ilikuwa imeshachapishwa gazetini miaka 22 kabla. Hapo hakuna cha kujadili.

Dhana: Rais Andrew Jackson hakujua tahajia, akawa anaidhinisha hati kwa "OK".
Jackson alikuwa mwanasheria na aliwahi kuwa jaji. Hadithi hii ilienezwa na magazeti ya wapinzani wa chama chake wakati wa kampeni ya urais ya 1840. Hati ya mahakama ya Tennessee ya 1790 iliyoletwa kama ushahidi ilisomwa vibaya: kilichoandikwa ni O.R., yaani agizo limeingizwa kwenye kumbukumbu.

Ukweli wenyewe
Mwishoni mwa miaka ya 1830 wahariri wa Boston walipenda mzaha wa kufupisha maneno, tena kwa kuyakosea makusudi. "All right" iligeuzwa "oll wright", ikafupishwa O.W. Tarehe 23 Machi 1839, Boston Morning Post likaandika "o.k." na papo hapo likaweka maana yake, "all correct", yaani yote sahihi, ufupisho ulitokana na "oll korrect". Aliyefukua haya ni Allen Walker Read, mtaalamu wa lugha aliyepekua magazeti ya zamani na kuchapisha matokeo yake 1963 na 1964. Kazi yake ndiyo ninayoiamini, kwa sababu imesimama juu ya karatasi zenye tarehe.

O.W. ilikufa. OK ikaokolewa na siasa: Rais Martin Van Buren alizaliwa Kinderhook, New York, na katika uchaguzi wa 1840 wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook", wakaunda klabu ya O.K. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, ila herufi zake zilikuwa zimeshafika kila kona ya nchi. Baadaye waendesha telegrafu (simu za maandishi za zamani) wakazitumia kuthibitisha kwamba ujumbe umefika.

Dhana: Ni neno la Wachoktaw, wenyeji wa asili wa Marekani, au la Kiwolofu, lugha ya Afrika Magharibi.
Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh" akiamini ni la Wachoktaw. Wengine hutaja "waw kay" ya Kiwolofu, "ndiyo kabisa". Kufanana kwa sauti kupo, ila hakuna maandishi yanayounganisha maneno hayo na Boston ya 1839. Naelewa hamu ya kuipa Afrika haki yake. Lakini ipo mifano isiyo na utata: "goober", karanga kwa Wamarekani wa kusini, ni "nguba" ya Kikongo, iliyovushwa bahari na watu waliouzwa utumwani.