Elimu kwa Umma: Mali ya Ndoa Inavyogawanywa Baada ya Talaka

Malalamiko kuhusu mgawanyo wa mali yameongezeka katika dawati letu la msaada wa kisheria, na mengi yanaanzia kwenye madai mawili. Mwanamke ameambiwa na mashangazi kwamba nusu ni yake, iwe isiwe. Mwanamume amekuja na hati ya ardhi yenye jina lake peke yake, akidhani maneno yamekwisha. Wote wawili wamepotoshwa.

Ibara ya 31 ya Katiba ya Uganda inawapa wanandoa haki sawa ndani ya ndoa na inapovunjika. Ibara ya 26 nayo inamruhusu kila mtu kumiliki mali yake binafsi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilizisoma ibara hizo pamoja ikaamua kwamba kuoana hakugeuzi kila mali kuwa ya wawili. Kinachoangaliwa ni mchango wa kila mmoja. Mchango si fedha tu: aliyelea watoto, akalima chakula cha nyumbani na kuangalia duka mwenzake akiwa safarini, amechangia. Tunaomba wanaume waache kutuuliza, "Alileta shilingi ngapi?" Swali hilo mahakama ilishalijibu.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Mama mmoja alituletea daftari la shule la mwanawe. Kurasa za nyuma alikuwa ameandika mabati, misumari na ujira wa fundi, tarehe kwa tarehe, na baadhi ya tarehe hizo zilikubaliana na jumbe za fedha kwenye simu yake. Wengine huja na kumbukumbu tu. Mkataba wa kibanja (kipande cha ardhi kisicho na hati) uliopigwa muhuri wa LC (baraza la mtaa), kitabu cha Sakko (chama cha akiba na mikopo), stakabadhi za karo: vitoeni nakala mapema, na nakala zikae nje ya nyumba mnayogombania. Mkopo uliojenga nyumba nao utaulizwa, kwa hiyo msiufiche.

Ardhi ya familia ina ulinzi wake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1998, iliyorekebishwa 2004, mahali familia inapoishi, au shamba linaloilisha, hapauzwi, hapawekwi rehani wala hapagawiwi kwa mtu bila ridhaa ya mume au mke. Uuzaji bila ridhaa ni batili. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, bila kujua, hubaki na haki ya kumdai aliyemuuzia, lakini ardhi haipati. Mwenye wasiwasi kuhusu ardhi yenye hati aende ofisi ya ardhi akaweke zuio, ambalo wengi huliita kaveati. Aende na nakala ya cheti cha ndoa na namba za kiwanja: bloku na ploti. Bila namba hizo atarudishwa, hata akilia pale dirishani. Ridhaa nayo haizuiliwi kwa ukaidi. Anayenyimwa bila sababu ya maana anaweza kulipeleka suala hilo mbele ya sheria.

Kuhusu utaratibu. Ndoa ya kanisani au ya msajili haivunjwi na mwenyekiti wa LC, wala na kikao cha wazee. Ombi hupelekwa mahakamani. Mkipanga pamoja kuzua uzinzi ili talaka itoke haraka, ombi litatupwa, na kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Ombi likikubaliwa hutolewa amri ya muda; amri kamili haitoki kabla ya miezi sita kupita. Katika kipindi hicho nyinyi bado ni mume na mke, kwa hiyo msianze kuhamishia ploti kwa kaka zenu. Kwa waliotalikiana kwa taratibu za Kiislamu, karatasi ya msikitini haibadilishi jina kwenye hati ya ardhi; hilo lina njia yake.

Mahari yameleta ugomvi hadi Arua na Mbale. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2015, katika kesi ya MIFUMI, shirika la kutetea haki za wanawake, kudai mahari yarudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha Katiba. Ng'ombe wa mahari msiwaingize kwenye hesabu.

Walioishi pamoja bila ndoa, hata miaka ishirini na watoto sita, hawana talaka ya kuomba. Wanaweza kudai sehemu ya mali waliyochangia, lakini kwa kesi ya kawaida ya mali, na mzigo wa ushahidi ni mzito zaidi. Ndoa ya kimila iliyofungwa ni ndoa halali. Isajilini kwenye ofisi ya kaunti ndogo au halmashauri ya mji.

Ushauri katika dawati letu ni wa bure. Fomu za talaka hatuna na hatuuzi. Anayewauzia pale getini si mfanyakazi wetu.