New York kwa pesa kidogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, Oktoba 2018, swali ninaloulizwa na ndugu na marafiki ni lile lile: nije na shilingi ngapi? Inategemea zaidi utalala wapi. Mengi mengine yanayowatisha watu ni maneno ya kusikia tu, na baadhi yanawagharimu fedha ambazo zingewalisha siku kadhaa.

"Kuiona Sanamu ya Uhuru lazima ulipe"

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu kuna watu wanaishi kwalo. Ukifika ncha ya kusini ya Manhattan, kando ya bustani ya Battery, utafuatwa na vijana waliovaa vizibao na beji shingoni kama maofisa, wakikuuliza unakwenda kwenye sanamu? Wanachouza mara nyingi ni boti inayozunguka tu majini bila kutia nanga kisiwani. Wapo hata waliouziwa "tiketi" ya feri ya umma iendayo kisiwa cha Staten Island, na feri hiyo haina tiketi kabisa.

Wapite, nenda kituo cha feri cha Whitehall kilicho hapo hapo karibu. Feri ni kubwa, ya rangi ya machungwa, inakwenda usiku na mchana, na imekuwa bure tangu 1997. Milango ikifunguliwa unaingia pamoja na watu wanaorudi makwao kutoka kazini. Simama upande wa kulia wakati wa kwenda. Sanamu itakupitia ukiiona wazi, na nyuma yako majengo ya Manhattan yanazidi kuwa madogo. Baada ya dakika 25 unafika ng'ambo. Hapo ni lazima kila mtu ashuke, kisha unapanda tena kurudi.

Anayetaka kukanyaga kisiwa chenyewe ndiye anayelipa, kama dola 25, na kampuni yenye kibali cha kumshusha hapo ni moja tu, Statue City Cruises. Tiketi inauzwa kwenye tovuti yao au kwenye dirisha lao ndani ya Castle Clinton, ngome ya kale iliyo katika bustani ya Battery. Inakupeleka pia Ellis Island, walikopokelewa mamilioni ya wahamiaji, na kwa maoni yangu hapo ndipo thamani ya fedha hiyo ilipo.

"Makumbusho unalipa unachoweza"

Zamani ilikuwa hivyo pale Metropolitan, makumbusho makubwa ya sanaa. Tangu Machi 2018, mgeni mtu mzima analipa kiingilio kamili, ambacho sasa ni dola 30. Kulipa unachoweza kumebaki kwa wakazi wa jimbo la New York na wanafunzi wa huko na wa majimbo jirani ya New Jersey na Connecticut.

Ila bure bado ipo. Makumbusho ya Wahindi Wekundu, katika jengo la kale la forodha pale Bowling Green, hayana kiingilio, na kutoka kwenye feri unayafikia kwa miguu. Na mgeni kutoka Afrika nisingependa aondoke bila kufika Harlem, kituo cha Schomburg kwenye mtaa wa 135. Ni tawi la maktaba ya umma, lenye hazina ya vitabu na nyaraka za watu weusi wa dunia nzima. Sakafuni pamechorwa duara kubwa lenye mito, na chini yake yamezikwa majivu ya mshairi Langston Hughes. Simama hapo kidogo. Hakuna atakayekudai senti.

"Bila teksi hufiki mjini"

Teksi kutoka uwanja wa ndege wa JFK hadi Manhattan ni dola 70, bado ada za barabara na bakshishi. Treni ya uwanjani, AirTrain, ni dola 8 na ushei, kisha unaunganisha na treni ya chini ya ardhi kwa dola 3. Ukitua uwanja mwingine, LaGuardia, basi la Q70 ni bure hadi stesheni ya Jackson Heights.

Mjini gusisha kadi ya benki au simu kwenye geti la treni. Tumia ile ile kila safari: ukifikisha dola 35 ndani ya siku 7, safari zinazobaki hulipi.

"Kodi nyumba nzima, ni nafuu kuliko hoteli"

Tangu Septemba 2023, kukodisha kwa chini ya siku 30 kunamtaka mwenyeji awe amesajiliwa na awepo nyumbani, na wageni wasizidi wawili. Ukiona fleti nzima kwa bei ya kutupa, kaa nayo mbali. Tafuta hosteli, au hoteli za Long Island City, ng'ambo tu ya mto. Januari na Februari bei hushuka sana, ukiweza kuvumilia baridi. Kwenye bei unayoiona, ongeza kodi ya karibu asilimia 15.

"Bei iliyoandikwa ndiyo bei"

Siyo. Dukani inaongezwa kodi ya asilimia 8.875 unapolipa, isipokuwa nguo au kiatu cha chini ya dola 110. Mkahawani ukihudumiwa mezani, bakshishi ni asilimia 18 hadi 20. Kwenye vigari vya barabarani vinavyouza chakula cha halali, penye wali wa njano na kuku, unalipa chakula chako na kuondoka. Maji usinunue, ya bomba yanatoka milimani Catskill na ni salama.

"Usiku usipande treni"

Treni zinakwenda saa 24 na watu wa zamu za usiku ndizo wanazozitegemea. Katikati ya jukwaa utaona ubao wenye mistari myeusi na myeupe umening'inia juu. Kondakta husimama mkabala nao, basi subiri hapo upande behewa lake. Na ukiona behewa moja tupu katika treni iliyojaa, usiingie.