Mzunguko wa bajeti wa kisiasa ni nini?

Ni tabia ya matumizi ya serikali kupanda uchaguzi unapokaribia, kisha kubanwa kura zikishahesabiwa. Barabara zilizosahaulika zinapata lami, mishahara inaongezwa, kodi mpya zinasogezwa mbele.

Mwaka 1972 Marekani iliongeza pensheni za wazee kwa asilimia 20. Hundi zenye nyongeza zilifika Oktoba, uchaguzi ukiwa Novemba. Makato ya mishahara ya kulipia pensheni hizo yakapanda Januari 1973, Rais Nixon akiwa ameshachaguliwa tena. Wala si yeye peke yake: Bunge lililopitisha nyongeza hiyo lilikuwa mikononi mwa wapinzani wake, nao pia walikuwa wakitafuta kura. Mwaka 1975 mwanauchumi William Nordhaus aliifafanua nadharia yake: mpiga kura akisahau upesi, mtawala ataweka machungu mwanzoni mwa muhula na neema mwishoni.

Kenya tunalijua hili kwa bei ya unga. Mei 2017 pakiti ya kilo 2 ilishushwa hadi shilingi 90, uchaguzi ukiwa Agosti. Julai 2022, wiki tatu hivi kabla ya kura, serikali ikatangaza bei ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100. Siku ya kuapishwa kwake, Septemba 13, William Ruto alisema ruzuku hiyo ilimeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila kuleta nafuu.

Lakini miaka yote miwili kulikuwa na ukame, na watu walikuwa na njaa kwelikweli. Ndiyo maana naona kosa kuiita kila ruzuku hongo. Tuulize imeanza lini, inaisha lini, na je, fedha zake zilikuwa kwenye bajeti iliyopitishwa na Bunge au zilichomekwa baadaye?

Utafiti wa Adi Brender na Allan Drazen wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mzunguko huu una nguvu zaidi katika demokrasia changa, ambako wapiga kura hawajazoea kupata na kuchambua hesabu za serikali. New Zealand iliweka sheria mwaka 1994: kabla ya kila uchaguzi mkuu, Hazina lazima ichapishe hali ya mapato, matumizi na deni la taifa. Chama kikiahidi, mwananchi anajua sanduku la serikali lina kiasi gani.