Nani aliwaambia asasi hairuhusiwi kubaki na hela?

Wiki iliyopita nimeisikia tena kauli hii, mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mkurugenzi wa asasi moja ya huku Ilemela, Mwanza, kanipigia saa mbili usiku, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyefumaniwa. "Dada, tunafunga mwaka na bakaa ya milioni sita. Tuziondoeje?" Nikamwuliza hela zenyewe ni za mradi au ni zenu. "Zetu. Za kukodisha ukumbi." Sasa kama ni zenu, mnaziondoa mzipeleke wapi? "Si sisi ni shirika lisilo la faida, dada. Msajili ataona tumefanya biashara."

Mimi kazi yangu ni vitabu vya asasi. Miaka kumi na mbili sasa nazunguka Kanda ya Ziwa na kalkuleta na mabegi ya stakabadhi za watu. Jambo hili nimelieleza kwenye semina, nimelieleza kwenye kivuko cha Kamanga nikiwa nimesimama kati ya mbuzi na pikipiki, na siku moja nimelieleza msibani. Leo naliandika, pamoja na kauli nyingine potofu ninazozisikia kila mara, ili atakayepiga saa mbili usiku nimtumie maandishi nilale.

"Asasi isiyo ya faida hairuhusiwi kupata ziada wala kuweka akiba."

Inaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kugawana.

Jina ndilo limetuponza. Tumezoea kusema "lisilo la faida", mtu akisikia anaelewa kwamba mwisho wa mwaka kitabu lazima kisome sifuri. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ni Na. 24 ya mwaka 2002, na marekebisho ya mwaka 2019 yameweka tafsiri yake kwenye kutogawana faida. Yaani wanachama na bodi hawakai Desemba wakakatiana mafungu kama wanahisa wa kampuni. Hela ikibaki, inaendelea kutumika kwa malengo yaliyoandikwa kwenye katiba, iwe mwezi ujao au miaka mitatu ijayo. Na asasi ikivunjwa, katiba iliyoandikwa na mtu mwenye akili timamu inaelekeza mali iende kwa asasi nyingine yenye malengo yanayofanana, haiendi kwenye sebule ya mwanzilishi. Basi.

Najua kinachowachanganya. Hela ya mradi ina masharti yake: umepewa kwa ajili ya kitu fulani, kwa muda fulani, na isipoisha unairudisha au unaandika barua kuomba muda. Hiyo usiiguse, hata ikae benki mpaka iote ndevu. Lakini ada za wanachama, mapato ya ukumbi, malipo ya mafunzo mliyotoa kwa wengine, mchango wa harambee, hizo ni zenu. Watu wanachukua masharti ya hela ya mfadhili wanayavisha hela yao wenyewe.

Nitawasimulia kilichoniuma. Desemba 2024 nilikuwa kwenye ofisi ya asasi moja inayofanya kazi za afya kwenye mialo na visiwa. Mradi wao mkubwa ulikuwa wa fedha za Marekani. Pembeni walikuwa na boti yao, wanaikodisha kwa watafiti na wakandarasi, na mwaka ule boti peke yake iliwaachia shilingi milioni 11.4. Hela safi, haina mwenyewe zaidi ya wao. Nikawaambia iacheni. Mwenyekiti akasema hapana, tutaonekana tumepata faida. Wakafanya semina ya siku mbili ya kujengeana uwezo kwenye hoteli ya ufukweni, wenyewe kwa wenyewe, na wakachapisha fulana 300 zenye kaulimbiu.

Tarehe 20 Januari 2025 ikasainiwa amri kule Washington ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Barua za kusimamisha kazi zikafuata. Ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa kazi.

Mimi nilikuwa nimerudi pale Februari 2025, wiki chache baada ya amri, kufunga hesabu. Nilipiga hesabu ambayo kila mara naipiga: pango 400,000, mlinzi 200,000, umeme na intaneti 150,000, wahudumu wawili wa visiwani 600,000 kila mmoja, petroli ya boti 550,000. Jumla 2,500,000 kwa mwezi. Zile milioni 11.4 zingewabeba miezi minne na nusu, boti inatembea, wahudumu wako kazini, mkurugenzi anatafuta pa kushika. Badala yake wahudumu walirudi makwao ndani ya wiki mbili. Maboksi ya fulana yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka usawa wa swichi, na ili kuwasha taa ilibidi uingize mkono nyuma ya boksi la juu.

Sasa hao wahudumu walikuwa wanamhudumia nani? Akina mama wa dagaa. Na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia, kwa sababu hao akina mama jambo hili wanalijua kuliko sisi wote tuliosoma.

Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiingia taa haina maana, mitumbwi inakaa ufukweni, kambi inalala. Kila mwezi, mwaka mzima. Nenda Kayenze au Igombe ukamwulize mama anayeanika kwenye chanja kwamba wiki ya mbalamwezi anakula nini. Atakuonyesha kilichowekwa wakati wa giza. Kikundi chao cha hisa, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, kina sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wanaokaa nyumba tofauti, na ndani mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, unakaa kwenye kitambaa chake, haukai pamoja na hisa. Siku moja nilishuhudia wanahesabu. Mtunza fedha alitaja bakaa ya wiki iliyopita kwa kichwa, wanakikundi wakaitikia kwa pamoja, ndipo kitambaa kikafunguliwa. Ikapelea mia tano. Walikaa dakika arobaini juani kwa ajili ya mia tano hiyo, ikapatikana imenasa kwenye pindo la kitambaa.

Halafu asasi isiyo na akiba ya hata wiki moja ndiyo inakwenda kuwafundisha hao ujasiriamali, na karatasi ya mahudhurio wasaini.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na sitanii. Andikeni sera ya akiba, ukurasa mmoja unatosha: tunalenga gharama za lazima za miezi mitatu, tukiweza sita, zinakaa akaunti tofauti, hazitolewi bila uamuzi wa bodi wenye muhtasari uliosainiwa, zikitumika zinarudishwa vipi. Bodi ipitishe. Mkaguzi akija mnamwonyesha sera na muhtasari. Nimekaa na wakaguzi wengi, na kinachowatia wasiwasi ni bakaa isiyo na maelezo. Mkiwa na maelezo wanageuza ukurasa.

Jambo la pili, acheni aibu ya kuomba gharama za uendeshaji kwenye andiko la mradi. Fedha za serikali ya Marekani kwa miaka ziliruhusu asasi isiyo na kiwango chake cha uendeshaji ilichokubaliana na serikali hiyo kudai 10% ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya uendeshaji, na kuanzia Oktoba 2024 kiwango kikapandishwa hadi 15%. Ni asasi ngapi ndogo za huku kwetu nimekuta zimeandika sifuri kwenye mstari huo, eti mfadhili atatuona wachoyo! Mfadhili kaacha mlango wazi, wewe unazunguka nyumba kutafuta dirisha.

"Tukiwa na cheti cha usajili, hatulipi kodi."

Msajili wa asasi na TRA, Mamlaka ya Mapato, ni ofisi mbili tofauti. Ili mtambuliwe kama taasisi ya hisani kwa ajili ya kodi ya mapato, mnaomba kwa Kamishna wa TRA, naye anaangalia katiba yenu inasema nini na nyie mnafanya nini. Mpaka akujibuni, nyie ni mlipakodi kama wengine. Na hata akikubali, kodi ya mishahara ya wafanyakazi mnakata, kodi ya zuio mnakata, michango ya NSSF mnapeleka. Nimeona asasi imedaiwa malimbikizo ya miaka minne kwa sababu mtu fulani alisema "sisi tumesamehewa" na hakuna aliyemwuliza barua iko wapi.

Na cheti chenyewe siku hizi kina muda, miaka kumi. Taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa ni kila mwaka, hazisubiri hiyo kumi.

"Asasi yetu nayo ikachukue mkopo wa asilimia kumi halmashauri."

Hapana. Ile ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, siyo riba, na ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne kwa nne kwa mbili. Wasaidieni wanavikundi wenu kujaza fomu, nyie kaeni pembeni.

"Kubadilika ni kufuata hela inakokwenda."

Kuna asasi naifahamu ilianza na VVU, ikawa ya mazingira, ikawa ya magugu maji, juzi nimeona bango limepakwa upya: ujuzi wa kidijitali. Watu walewale watano, kabati lilelile. Wanaita kubadilika. Mimi naita kuhama.

Kubadilika ni kubakia na watu walewale na kubadilisha namna ya kuwahudumia. Asasi moja ya Sengerema fedha zilipokata haikugusa lengo hata neno moja. Walipunguza ofisi wakahamia chumba kimoja, wakaacha semina, wakabaki na kutembelea kaya kwa baiskeli kwa wiki mara mbili, na vikundi vya hisa walivyoviunda miaka ya nyuma vikakubali kuwalipa kidogo kwa kuvikagulia vitabu. Kidogo kweli, elfu thelathini kwa kikundi kwa kila mzunguko. Lakini mwaka ulipoisha walikuwa bado wanajulikana kwa majina kule vijijini.

"Jamii yetu haina kitu, inasubiri kuletewa."

Hii huwa inasemwa na watu wenye gari la ofisi.

Wakulima wa pamba wa kanda hii walipochoka kuibiwa kwenye mizani enzi za mkoloni, hawakusubiri andiko la mradi. Walijipanga, na mwaka 1955 wakawa na Victoria Federation of Cooperative Unions, Paul Bomani akiwa mbele, chama kilichokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima. Ndiyo, najua ushirika siyo asasi, msinisahihishe. Nazungumzia nani alianza. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijijini, nao walianza upande wa Tabora na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wenyewe wamechoshwa na wezi wa ng'ombe. Walikuwa na makosa yao, na mengine makubwa, ila hakuna aliyewafadhili. Na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, wa kwanza kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Kwa hiyo unapoingia kijijini, swali la kwanza ni hapa mnasaidianaje sasa hivi, na nani anatunza daftari. Daftari lipo. Mara nyingi lina hesabu safi kuliko za kwenu.

"Mwanzilishi ndiye asasi."

Bodi ya mke, shemeji, na mchungaji ambaye hajui kama yumo. Sitaandika sana hapa maana nitakasirika. Bodi ndiyo mwajiri wa mkurugenzi, kwa hiyo haiwezi kuwa ya watu wanaokula chakula chake cha Krismasi. Mtia saini mmoja asiwe ndugu wa mwingine. Mkurugenzi akisafiri wiki mbili, ofisi ilipe mlinzi bila kumpigia simu.

Yule wa Ilemela nimemjibu usiku uleule. Juzi kanitumia picha ya muhtasari wa kikao: milioni sita zimehamishiwa akaunti ya akiba, sera itakuja kikao kijacho. Watia saini ni yeye na mweka hazina. Nikamwuliza mweka hazina ni nani.

Alama mbili za bluu zimetokea tangu juzi. Jibu bado.