Kingamwili ya metataipi ni nini?

Kwenye kipimo cha haraka cha malaria, mstari wa kipimo ukitokea, ni ishara kwamba vimelea vipo. Kwenye vipimo vingi vya haraka vya sumukuvu ya mahindi ni kinyume chake: mstari wa kipimo ukififia au ukitoweka, ndipo sumu ipo. Ni rahisi sana mtu kukosea, na hapa kosa linaishia kwenye sufuria ya ugali.

Chanzo ni ukubwa. Protini ya kimelea cha malaria ni kubwa. Kingamwili mbili, yaani protini za kinga zinazonasa kitu mahususi, huishika kwa pamoja, moja huku na nyingine kule. Aflatoksini B1, mojawapo ya sumukuvu za mahindi, ina uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 312 tu, ilhali kingamwili inakaribia 150,000. Sumu hiyo huzama kwenye mfuko wa kingamwili ya kwanza, na ya pili haipati pa kushika. Ndiyo maana maabara huishindanisha na sumu iliyotiwa alama, kisha hupima alama ilivyopungua. Sumu ikiwa kidogo, upungufu huo hauonekani vizuri.

Kingamwili ya metataipi huondoa kikwazo hicho. Haimtambui mama peke yake wala mtoto peke yake, bali mama aliyembeba mtoto mgongoni. Kingamwili ya kwanza ikishashika molekuli yake, uso wake kuzunguka mfuko ule hubadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo ya pili hulishika. Jina metataipi linatokana na kazi ya Edward Voss na wenzake huko Illinois, Marekani, miaka ya 1980, waliotumia rangi ya fluoresini kama molekuli ndogo ya kushikwa.

Ugumu uko katika kuipata. Nyingi zinazojitokeza hunasa hata kingamwili tupu, isiyobeba sumu, na hapo kipimo kitasema sumu ipo wakati haipo. Kwa hiyo watafiti hupitisha kwanza mkusanyiko wao wa kingamwili juu ya kingamwili tupu, wakatupa zote zilizonasa, kisha wakatafuta katika zilizobaki zile zinazoshika iliyobeba.

Mfano ninaoupenda unatoka Finland, kwenye HT-2, sumu ya kuvu wa nafaka. Kingamwili ya kwanza haikuweza kuitofautisha na ndugu yake, T-2. Ya pili iliweza: ilikubali tu ile iliyobeba HT-2. Na kwenye kipimo hicho, sumu ikiongezeka, ishara nayo hupanda.