Alama ya Kidole Isiyojulikana Ilikotoka: Kesi ya Sir Harry Oakes

Wananchi wengi huamini kwamba alama ya kidole ikishapatikana mahali palipotokea mauaji, kesi imekwisha. Mauaji ya Sir Harry Oakes, tajiri wa dhahabu aliyekutwa amekufa kitandani nyumbani kwake Nassau asubuhi ya tarehe 8 Julai 1943, akiwa na majeraha kichwani na mwili umeunguzwa kwa moto, yanaonesha vinginevyo.

Nassau, mji mkuu wa Bahamas, ulikuwa mahali pa mapumziko ya matajiri, na gavana wa visiwa hivyo alikuwa Duke wa Windsor, yule aliyeachia ufalme wa Uingereza mwaka 1936. Badala ya kuwaachia kazi polisi wa pale au kuomba wapelelezi kutoka London, gavana alipiga simu Miami, wakaja makapteni wawili wa polisi, Edward Melchen na James Barker. Melchen alikuwa amewahi kumlinda Duke huyo alipozuru Miami (kufahamiana na mkubwa, kwa maoni yangu, si sifa ya upelelezi). Barker alihesabiwa kuwa mtaalamu wa alama za vidole, lakini alikuja bila kamera maalumu ya kuzipiga picha. Wakati huohuo watu waliendelea kuingia na kutoka katika chumba cha marehemu, jambo ambalo hutokea kwa urahisi zaidi pale wanaotaka kuingia wanapokuwa watu wa heshima ambao askari wa zamu anaona haya kuwazuia.

Alama ya kidole ni jasho na mafuta yaliyobaki juu ya kitu kilichoguswa. Inaweza kueleza ni nani aliyegusa, lakini haina tarehe, wala haisemi ilitoka wapi ikishaondolewa. Ndiyo maana ikijitokeza baada ya kupakwa poda hupigwa picha kwanza palepale ilipo, pamoja na rula na vitu vinavyoizunguka, kisha ndipo ibanduliwe. Barker aliibandua alama aliyoipata bila picha hiyo, akaeleza kuwa ni ya kidole kidogo cha Alfred de Marigny, mume wa binti wa marehemu, na kwamba ilitoka kwenye kisitiri cha kukunja cha Kichina kilichokuwa karibu na kitanda.

De Marigny alishtakiwa kwa mauaji hayo, na mahakamani wakili wake, Godfrey Higgs, alimtaka Barker aoneshe ni sehemu gani ya kisitiri. Barker alishindwa kuionesha kwa uhakika, na viduara vilivyoonekana nyuma ya alama havikulingana na sura ya kisitiri chenyewe. Kisha likaja suala la saa. Barker alidai kuwa aliipata alama hiyo kabla ya alasiri ya tarehe 9 Julai, na wapelelezi wote wawili wakasema mshtakiwa alipandishwa ghorofani kuhojiwa alasiri ya siku hiyo, ilhali polisi wa Nassau walishuhudia kuwa alipandishwa asubuhi. Tofauti hiyo ya saa chache ilikuwa nzito, kwa sababu ilifungua uwezekano kwamba alama ilichukuliwa kwenye kitu alichokishika wakati akihojiwa.

Kwa hiyo mwenye nyumba au mfanyakazi wa hoteli anayekuta maiti anatakiwa afunge mlango, asifute wala asipange chochote, na aandike majina ya wote walioingia pamoja na saa zao. Orodha hiyo humsaidia mpelelezi kutenganisha alama za wenyeji na za mgeni asiyejulikana.

De Marigny aliachiwa huru Novemba 1943. Hakuna mwingine aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji hayo.