Mbio za masafa marefu kupindukia na mishipa ya damu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Aliyezoea kumaliza marathoni hawezi kuziba ateri za moyo, yaani mishipa inayoulisha moyo damu.

Katika miaka ya 1970 dhana hii ilitetewa hata na daktari wa Marekani, Thomas Bassler, hadi Tim Noakes wa Afrika Kusini na wenzake walipochapisha, mwaka 1979, matokeo ya uchunguzi wa maiti za wakimbiaji wa marathoni ambao ateri zao za moyo zilikuwa zimeziba kwa mafuta. Mwaka 1984 Jim Fixx, aliyewahamasisha Wamarekani wengi kukimbia, alifariki akiwa mbioni huko Vermont akiwa na umri wa miaka 52, na ateri zake zilikutwa zimeziba. Alikuwa amewahi kuvuta sigara, na baba yake alipatwa na shambulio la moyo akiwa na miaka 35 tu. Kwa upande mwingine, Clarence DeMar, mshindi wa Boston Marathon mara 7, alipochunguzwa baada ya kufa kwa saratani mwaka 1958, alikutwa na ateri za moyo zenye kipenyo cha mara 2 hadi 3 ya kile cha kawaida. Mbio hupanua ateri na kupunguza hatari, lakini hazifuti athari za sigara wala za kurithi, na kwangu hilo ndilo jambo ambalo mkimbiaji mwenye historia ya ugonjwa wa moyo katika ukoo wake hapaswi kufichwa.

Dhana: Mbio kama Comrades, za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg nchini Afrika Kusini, huharibu mishipa ya damu kwa kudumu.

Utando wa ndani wa mshipa hutoa gesi ya nitiriki oksaidi, ambayo huulegeza ukuta ili damu ipite kwa wingi. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo ulituzwa Nobeli ya tiba mwaka 1998. Baada ya saa nyingi za kukimbia, uwezo huo wa kutanuka hupungua kwa muda. Watafiti waliowapima wakimbiaji wa London Marathon waliona upungufu huo kwenye ateri ya paja, ilhali ile ya mkono haikubadilika, jambo linaloonyesha kwamba kinachochoka zaidi ni mishipa ya viungo vilivyofanya kazi. Uchovu wa muda si uharibifu wa kudumu, mradi mwili upewe nafasi ya kupona kabla ya mbio nyingine.

Dhana: Anayeanguka baada ya kuvuka mstari wa mwisho amepatwa na shambulio la moyo.

Mara nyingi sivyo. Misuli ya miguu, iliyokuwa ikisukuma damu kurudi moyoni, husimama ghafla wakati mishipa bado imetanuka, na damu hutuama miguuni. Alazwe miguu ikiinuliwa juu. Anayeanguka akiwa bado njiani ndiye wa kutiliwa shaka zaidi, na ahudumiwe na daktari mara moja.

Dhana: Kidonge cha ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya mbio hakina madhara.

Dawa hii huzuia kemikali zinazoiacha wazi mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo. Mkimbiaji aliyepungukiwa maji tayari ana damu kidogo inayofika huko, kwa hiyo kidonge hicho humwongezea hatari ya figo kushindwa kufanya kazi.